Madam Gladwell, Sinema za Wapiga Gitaa na Mutegi Wake

Madam Gladwell Gatakaa anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika stoo ya Idara ya Umeme ya chuo chetu hapa Kanja, Embu. Aliajiriwa akiwa msichana mwembamba. Ndivyo anavyodai yeye; picha bado hatujaonyeshwa.

Hakuna bisibisi iliyotoka kwake bila sahihi. Hata mkuu wa chuo aliwahi kurudishwa mlangoni akatafute kalamu. Lakini wanafunzi wengi watamkumbuka kwa sinema za Ijumaa, alizozianzisha mwenyewe katika ukumbi wa chakula kwa projekta ya idara. Vijana wa umeme wana ugonjwa wa amplifaya, kwa hiyo zilizojaza ukumbi ni zile za wapiga gitaa maarufu. Sinema ikiisha, Madam husimama kutoa maoni, na ole wako uonekane ukielekea mlangoni.

Na maoni yenyewe, jamani! Nyota mmoja alipovunja gitaa jukwaani na ukumbi mzima ukashangilia, Madam aliuliza ni nani aliyelitilia sahihi. Mwingine alilewa chakari usiku, asubuhi akapiga vizuri ajabu. Madam alisema mazoezi yamefichwa kwa sababu hayauzi tikiti. Kilichomkera zaidi ni mama. Mama wa mpiga gitaa, alisema, huonekana mara mbili tu: mwanzo akikataza, mwisho akilia kaburini. Hapo katikati alikula nini, alilalaje? Hakuna anayejali kuonyesha.

Tulicheka sana, mpaka jambo lenyewe likamfika. Mutegi, kitinda mimba wake, aliacha masomo akiwa mwaka wa pili papa hapa idarani, akaenda Makutano, Meru, kupiga gitaa la umeme katika bendi ya hoteli. Madam alimwambia asirudi nyumbani na hilo gitaa. Mutegi naye ana kichwa cha mama yake: hakurudi kabisa. Sinema za wapiga gitaa zikakoma, tukawa tunaonyeshwa ufugaji wa mbuzi wa maziwa, Ijumaa baada ya Ijumaa. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mwaka jana Beth, kiongozi wa wanafunzi, alimbembeleza mpaka akakubali moja ya wapiga gitaa. Ndani yake baba anafika kwenye ukumbi anamopiga mwanawe, anasikiliza kidogo akiwa nje, kisha anageuka na kwenda zake. Vijana waliguna kwamba huo ni uongo, hakuna mzazi wa namna hiyo. Madam alisimama kabla taa hazijawashwa. Alisema hiyo ndiyo sehemu pekee ya kweli aliyowahi kuiona katika sinema hizo zote. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa akisafiri hadi Makutano, akisimama nje ya hoteli kando ya mchoma mahindi, akimsikiliza Mutegi, kisha akirudi Embu. Aliogopa kwamba akiingia, Mutegi atamwona na kuacha kupiga. Mimi Hidaya, mkufunzi niliyekaa kiti cha pili kutoka kwake, nililia na sikuona haya.

Sasa sikieni. Kamati ya sherehe ilikuwa imeshakodi didijei. Madam amemkataa. Amempigia Mutegi simu mwenyewe, maongezi ya kwanza tangu ugomvi ule, na Mutegi amekubali kuja na bendi nzima. Tulimwekea Madam kiti meza kuu na wageni wa heshima, nacho akakikataa. Anataka kukaa mbele kabisa, penye spika, na masikio yake tusiyahurumie.

Madam Gladwell, asante kwa stoo iliyonyooka, kwa Ijumaa zetu, na kwa kutuambia ukweli ulipokuuma. Tunakuombea afya, majani chai ya shambani kwako yanayolipa vizuri na usingizi mtamu wa asubuhi. Baada ya mlo wa mukimo Mutegi atapanda jukwaani. Akikuona, ataendelea kupiga. Wewe kaa tu mpaka amalize.