Kondo la Mtoto wa Watu

Kwenye bajaji ya kwenda hospitali ya Tumbi, mzee mmoja wa Vihingo alikuwa akimlalamikia mama wa baibui aliyekaa kati yetu.

"Mwaka wa pili huu kidonda cha sukari hakifungi. Sasa daktari anataka kunibandika utando wa kondo la uzazi, eti nyama iote. Kondo la mtoto wa watu!"

"Mwenyewe si ametoa kwa ridhaa?" mama aliuliza kwa uchovu.

"Katoa. Lakini kwetu kondo linazikwa."

Bandeji ya mguuni mwake ilikuwa imelowa. Haikujali kwao ni wapi.

"Na mguu nao unazikwa, baba. Wangu tumeuzika Tangini, tumeufunga na khanga yangu."

Bajaji ikasimama. Mama akamgusa dereva begani.

"Nitolee magongo yangu hapo nyuma."