Kilo Nane Zilizoitwa Afya

Marehemu binti yangu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1999, mtoto wa tatu na msichana pekee. Alilia kwa nguvu, mkunga akasema, "Huyu hataonewa." Mkunga alikosea.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Mwaka 2018 aliajiriwa kupima vifurushi katika kampuni ya mizigo. Mteja mmoja alimlalamikia, "Dada, mizani yako ina njaa." Akamjibu, "Haina njaa, baba. Imeshiba mawe yako."

Aliolewa tarehe 6 Agosti 2022 na fundi wa friji, kijana mpole. Mbele ya mama yake, mpole kupita kiasi.

Alijifungua tarehe 9 Februari mwaka huu. Wiki ya pili akaanza kukosa pumzi akilala. Hospitalini walisema moyo umechoka. Muuguzi alitupatia vidonge vya kutoa maji mwilini na vingine vya kuusaidia moyo, akatueleza sote: "Anywe kila asubuhi. Apande mizani kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, mleteni siku hiyohiyo."

Mama mkwe wake alivifungia vidonge kabatini. "Anakojoa kutwa! Maziwa yakikauka, mjukuu wangu atanyonya nini?" Mizani akaisukuma uvunguni: "Mzazi si gunia."

Miguu ikavimba, uso ukajaa. Jirani akamsifu: "Shoga, mkweo kanenepa!" Naye akajibu, "Kwangu hakondi mtu." Akanitumia picha. Nami niliyemzaa, ninayejisifu kwa kuona mbali, niliandika: "Kanawiri. Asante kwa kunilelea."

Jumatatu binti yangu alinipigia simu. "Mama, nalala nimekaa."

"Dawa unakunywa?"

"Mama mkwe anasema hadi nimwachishe mtoto ziwa."

Nilimwambia asibishane na mkwe, ningekuja Jumamosi.

Alhamisi, tarehe 27 Machi, alipelekwa hospitali. Muuguzi yuleyule alimpima: kilo nane zimeongezeka, zote maji. Alifariki saa tano asubuhi.

Ameacha mume, mama, kaka wawili na mtoto wa kike wa wiki saba. Mtoto huyo naondoka naye leo. Baba yake amekubali na nguo nimeshazifunga. Mwenye neno aliseme hapa, mbele ya jeneza, asilibebe hadi jikoni.

Binti yangu apumzike kwa amani. Sisi tuliomnenepesha tusipumzike upesi.