Kipenu Nilichokionea Haya

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na aliyeketi mbele, na asifiwe na yule aliyesimama mlangoni kwa kukosa nafasi! Mimi ni Samueli Mwaringa wa hapa hapa Mishomoroni. Wengi mnanijua kwa kaptura nyeupe na soksi ndefu, maana mimi ni karani wa ghala huko bandarini, na zamani nilitaka kila mtu alijue hilo kabla sijafungua kinywa. Leo sikusimama kujisifu. Nimesimama kueleza jinsi Bwana alivyonitoa katika upweke nilioutafuta mwenyewe, nikaupata, nikakaa nao kama mtu na jamaa yake.

Ilikuwa wakati wa vita hivi vikubwa vilivyokwisha. Nyumba yangu ilikuwa ukumbi na chumba kimoja cha kulala, kuta za udongo, paa la makuti. Tuliishi watatu: mimi, mke wangu Rebeka, na binti yetu Dama aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu. Tulitosha. Lakini kule Rabai, mama yake Rebeka alikuwa amepofuka. Mwanawe wa kiume alikuwa amekwenda vitani, na yule bibi akabaki peke yake, akienda kisimani kwa kupapasa ua kwa fimbo. Rebeka alitaka tumlete tukae naye.

Mnajua desturi yetu. Mkwe na mama wa mkewe hawalali wakitenganishwa na pazia tu. Kama ningemlaza ukumbini, kila nikitoka chumbani ningemruka, na hilo ni aibu kwangu na fedheha kwake. Basi nikamwambia Rebeka, "Subiri. Tutahama." Nilitaka nyumba ya mawe kule kisiwani, vyumba vitatu na mabati juu. Wala sikuwa nikidanganya, ndugu zangu! Kila Jumamosi nilivuka daraja nikaulizia nyumba. Lakini mji ulikuwa umejaa watu wa vita na kazi za vita, hata vibaraza vilikuwa na wapangaji. Nilirudi jioni nikasema neno lile lile, tutahama, na Rebeka akaitika "abee" akaendelea kuchambua mchele.

Siku moja akaniambia, "Baba Dama, kwani lazima tuhame? Hapo ubavuni pana nafasi. Tuteremshe paa, tusimamishe kipenu, Mama apate chumba chake na mlango wake. Atatokea nje, nawe utatokea kwako. Mtaheshimiana."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Nikamwambia kipenu ni cha kuwekea kuni na kulazia mbuzi, na nyumba ya karani haitiwi kipenu. Watu wangesema Samueli amekwama. Baada ya mvua za masika Rebeka alifunga nguo zake, akambeba Dama mgongoni, akaniambia bila hasira: "Sikuachi, mume wangu. Ila mamangu hana wa kumtekea maji. Ukiipata hiyo nyumba ya mawe, utatuita." Akaenda zake Rabai.

Ndugu zangu, mimi nilidhani ni majuma mawili. Ikawa miezi tisa.

Nitawaambia upweke ni nini, kwa yule asiyeujua. Ni kusonga ugali wa watu watatu kwa mazoea, kisha ukautazama. Ni kufagia ua kabla hakujapambazuka ili jirani asikuone na ufagio. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini napiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, halafu naona haya, natazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Jumapili nilikuja hapa kanisani nikaimba kwa sauti kuu kuliko nyote, ili mtu asipate nafasi ya kuniuliza habari za nyumbani. Na kweli, hakuna aliyeniuliza.

Wala majirani hawakuniuliza. Hapo kuna sababu, na sababu ni mimi. Nyuma ya ua wangu anakaa Karisa, mgema wa tembo. Mwaka mmoja kabla ya hayo, mvua ilimwangushia ukuta, akaita watu wamkandikie. Ndivyo tunavyofanya: mwenye nyumba huandaa chakula na tembo, majirani hukanyaga udongo, wakaukandika ukuta wote kwa siku moja wakiimba. Mimi nami niliitwa. Nikaenda na soksi zangu. Nikaona vibuyu vya tembo vimewekwa kivulini, na badala ya kusema shikamoo kwa wazee waliokuwapo, nikahubiri! Nikamwambia Karisa mbele ya wageni wake kwamba nyumba ikandikwayo kwa ulevi haina baraka. Kisha nikageuka nikaenda zangu bila kushika hata donge moja. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi mimi nilihakikisha hasifiwi.

Tangu siku ile sikwenda kumkandikia mtu yeyote, na nilijiona msafi. Kumbe watu nao walikuwa wameniacha kama nilivyowaacha. Hawakunitukana. Walinisalimu wakapita.

Mwezi wa nane wa upweke wangu nilipanda gari moshi hadi Mazeras, nikatembea mpaka Rabai, na mfuko wa sukari mkononi. Dama alikuwa akicheza uani. Nikamwita. Akanitazama, akakimbia akajificha nyuma ya nguo ya bibi yake, akasema, "Bibi, kuna mgeni." Yule mama kipofu akainua uso akasema, "Karibu, mgeni." Sikuweza kutamka jina langu. Nilisimama pale mpaka Rebeka akarudi na mtungi kichwani.

Niliporudi Mishomoroni nilishikwa na homa. Siku tatu nililala kitandani, mchana nikisikia watu wakipita njiani, wakicheka, wakibishana juu ya bei ya samaki, na ukuta tu kati yao na mimi. Kama ningekufa, ndugu zangu, angetangulia kujua nahodha wa meli ambayo shehena yake sikuiandika! Siku ya tatu nikaomba. Sikuomba kwa maneno mazuri kama ninavyoomba hapa mbele yenu. Nilisema, "Bwana, nipe nyumba, nirudishiwe watu wangu." Na nikasikia moyoni, wazi kabisa: Nyumba unayo.

Haleluya! Ni maneno mawili tu, lakini yalinivunja. Nikalia mpaka mto ukalowa. Nilikuwa nimewafukuza mke na mtoto kwa kukionea haya kipenu.

Homa ilipopoa nikaanza. Nilileta boriti na fito na kamba. Vibarua hawakupatikana, wote walikuwa bandarini na kwenye kambi, kwa hiyo nilichimba mashimo mwenyewe kila nikitoka kazini. Nguzo mbili zilisimama kama walevi, lakini zilisimama. Nilifunga fito ndani na nje, nikaezeka makuti, nikaacha nafasi ya mlango wa kuelekea nje, mlango wa mama mkwe. Ikabaki kukandika.

Basi nikapita nyumba kwa nyumba nikawaalika majirani kwa Jumamosi. Kila mmoja alinijibu kwa adabu, "Tumesikia, Karani." Nikapika sufuria ya kunde na wali, nikachemsha chai ya maziwa. Nikakanyaga udongo tangu saa moja asubuhi. Saa nne hakuna mtu. Saa sita hakuna mtu. Nikafunika chakula kwa sinia, nikakaa juu ya kinu nikautazama ule udongo. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile! Hata kuku wa jirani waliokuja kudonoa niliwakaribisha.

Saa nane nikajiambia nitakandika peke yangu. Enyi mnaojua kazi hii, chekeni tu, nimewaruhusu. Udongo hutiwa katikati ya fito, na mmoja husukuma kwa ndani na mwenzake huzuia kwa nje, kiganja kwa kiganja. Mimi nilisukuma donge kwa ndani, likatokea upande wa pili likaanguka chini. Nikakimbia nje, nikalirudisha, likaangukia ndani. Nikaingia tena. Nikatoka tena. Kaptura nyeupe ikawa nyekundu. Nilikimbia hivyo hadi alasiri, na ukuta wote niliokuwa nao haukuzidi upana wa mkeka.

Nikapiga magoti pale ndani ya kipenu, mikono imejaa udongo. Nikasema, "Bwana, siwezi." Kisha nikachukua donge jingine, maana sikuwa na la kufanya, nikalisukuma.

Halikuanguka.

Nikatia la pili. Likashika. Nikaona vidole kati ya fito, vyeusi, vimekakamaa kwa kupanda minazi. Nikajua ni nani. Sikuthubutu kutoka nje. Tukakandika hivyo, yeye kule, mimi huku, bila neno, mstari mzima. Nilijua nikikaa kimya nitaupoteza wokovu wangu wote pale pale.

Nikasema, "Karisa."

"Naam."

"Nilikufedhehesha mbele ya wageni wako. Nyumba yako ina baraka. Mimi ndiye niliyekuwa sina. Nisamehe."

Vidole vikalilainisha donge la mwisho. Kisha akasema, "Tia udongo, Karani, unakauka."

Nikatia, huku machozi yananitoka nikishindwa kuyafuta. Baada ya kitambo akaanza kucheka peke yake. Akaniambia alikuwa juu ya mnazi akigema, akaniona nikiingia na kutoka kama kuku aliyepoteza yai, na alicheka hata akaogopa kuanguka. "Nikajiambia, huyu Mungu wake amemwacha leo. Kidole kimoja hakivunji chawa, Karani, na Mungu wako hashiki udongo."

Ndugu zangu, sikubishana naye. Lakini ninyi nitawaambia: alishika! Nimeviona vidole vyenyewe!

Jua lilipoinama, Karisa alitoka mpaka njiani akapiga ukelele mmoja. Wakaja. Mkewe akaja na ndoo ya maji, wakaja wale wote walioniambia tumesikia. Kumbe walikuwa wakisubiri kuona kama Karisa, niliyemtukana, atakubali kuja. Wakala kunde zangu zilizopoa, na hakuna aliyesema zimepoa. Jumapili baada ya ibada tulimaliza, na mimi nilikanyaga udongo na soksi nimeziacha ndani.

Udongo ulipokauka nikaenda Rabai. Nikamwambia Rebeka, nimejenga kipenu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha zangu, ambazo zilikuwa bado zina wekundu. Akaniuliza, "Wewe?" Nikasema, "Mimi na Karisa." Hapo ndipo alipokaa chini akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Hakuniambia kama alikuwa analia au anacheka, nami mpaka leo sijamwuliza.

Tukarudi wanne. Mama mkwe aliposhuka kwenye lori alikuwa ameshika bega la Dama. Nilisimama mbali, kwa heshima. Rebeka akamwongoza mpaka kwenye mlango wake, na yule bibi akaingia peke yake, akaupapasa ukuta pande zote nne, polepole. Halafu akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliye kwake: "Mkwe wangu, ukuta umepinda. Lakini ni chumba." Nikaona fahari kubwa kuliko siku niliyofanywa karani! Siku ya nne Dama aliacha kunikimbia. Siku ya sita aliniita baba, kwa sababu alitaka embe, lakini aliniita.

Hayo ndiyo Bwana aliyonitendea. Nashukuru kwa ajili ya Rebeka, aliyekaa pale nyuma na mama yake. Namshukuru Mungu kwa homa ile. Na wewe uliye peke yako leo, uliyekuja hapa ukaimba kwa sauti ili usiulizwe, mtegemee Bwana! Mwambie siwezi. Hatakudharau. Lakini ukishamwambia, angalia atakujibu kwa mkono wa nani, maana unaweza kuwa mkono uliokataa kuushika.

Nina neno moja bado, na hili ni gumu kwangu. Karisa hayumo humu. Nilimwalika. Akaniambia, "Karani, watu wa kanisa lenu hupita mbele ya mlango wangu kila Jumapili na hawageuzi shingo. Nije kwa nani?" Bintiye amefiwa na mume, amerudi na watoto wawili, na Karisa anamwongezea chumba. Wanakandika alasiri hii. Tembo litakuwapo, siwafichi, na mimi nitapewa dafu. Nimeketi humu miaka mingi, na mara zote nimetoka mlango ule peke yangu. Leo naogopa kutoka peke yangu, ndugu zangu. Nani atafuatana nami?