Hester Bunting, Aliyemtafuta Shangazi Lottie
(1941–2019)

Hester Maud Bunting, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika mtaa wa Lenton, mjini Nottingham. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Horace Orrell, muuza makaa ya mawe, na mkewe Bi. Edna. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, Leonard, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma.

Nyumba waliyokulia ilikuwa ya baridi na haikuwa na pambo lolote, isipokuwa bango moja kuukuu sebuleni. Liliwatangazia watu kwamba Kapteni Ambrose Orrell angepaa kwa puto lake la gesi, na kwamba bendi ingepiga hadi atakapotoweka mawinguni. Kapteni alikuwa baba wa babu yao. Mkewe aliimba jukwaani, na watoto wao walitembea juu ya kamba tangu wakiwa wadogo.

Babu Albert, kitinda mimba wa Kapteni, aliishi nao katika chumba cha mbele. Kila Krismasi alimwandikia kadi dada yake Lottie, ambaye nyumbani wote walimwita Shangazi. Tangu utotoni aliambiwa kwamba Lottie alikwenda Amerika mwaka 1891 pamoja na mchekeshaji mmoja. Anwani hakuwa nayo. Hester alimlambia bahasha, kisha mzee akaitia kadi kwenye droo.

“Ataandika yeye kwanza,” alikuwa akimwambia. “Lottie si mtu wa kusahau watu.”

Babu alifariki Februari 1955. Droo ilipofunguliwa, kadi zilizokutwa humo zilikuwa zaidi ya sitini. Hester alikuwa na miaka kumi na mitatu, na siku hiyo hakula.

Mwaka 1952 alifaulu mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana. Walimu wake walitaraji afike chuo kikuu, lakini mapafu ya baba yake yalikuwa yamekwisha kuharibika kwa vumbi la makaa, na Julai 1957 aliacha masomo. Septemba mwaka huo aliajiriwa karani katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Alidumu hapo miaka arobaini na mmoja. Wenzake wanakumbuka siku alipokuja mchimba makaa mmoja kuandikisha kifo cha mkewe, akashindwa kutaja herufi za jina la pili la marehemu. Hester aliweka kalamu chini, akavaa koti, akapanda naye basi hadi Bulwell kulitazama jina hilo kwenye Biblia ya nyumbani kwao. Mkuu wake alimgombeza. Hester akamjibu, “Likikosewa hapa, bwana, atabaki amekosewa milele.”

Tarehe 12 Septemba 1964, katika kanisa la Methodisti la Lenton, alifunga ndoa na Desmond Bunting, fundi wa kurekebisha sauti za piano. Walijaliwa binti, Rosalind, mwaka 1968. Mtoto wao wa pili, Philip, aliyezaliwa mwaka 1971, aliishi siku mbili. Waliandikisha kuzaliwa kwake na kufa kwake kwa safari moja.

Mwaka 1974 alianza kumtafuta Lottie. Jumamosi zake ziliishia kwenye orodha za abiria wa meli. Desmond alimpeleka kwa gari, akamsubiri nje na mikate yao ya jibini na kitunguu.

“Bata wangu,” alimtania, kama watu wa kwetu waitanavyo, “huyo shangazi yenu sasa ana miaka mia na mbili. Hata ukimpata hatakukaribisha chai.”

“Nitaichemsha mimi,” akasema Hester.

Hakumwona katika meli yoyote. Alimpata Novemba 1999, baada ya kustaafu, katika gazeti la zamani kwenye maktaba ya Lincoln. Agosti 1891, katika maonyesho ya mji mdogo wa Hallerby, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Mademoiselle Estelle aliruka kwa parachuti kutoka kwenye puto la Kapteni Orrell. Parachuti haikufunguka. Mabaka ya zamani aliyoeleza daktari, la moto kwenye mkono wa kushoto na kovu la kidevu, yalikuwa yale yale ambayo Babu Albert alikuwa akiwasimulia. Kwenye uchunguzi wa kifo, Kapteni aliulizwa msichana huyo ni nani. Alisema ni wa kukodiwa tu, na kwao hakujui. Wiki iliyofuata alipaa tena. Lottie alizikwa na parokia ya Hallerby, kama maskini asiye na ndugu, kwa jina la jukwaani, bila jiwe.

Wakati huo Leonard alikuwa anaomba kibao cha kumbukumbu ya Kapteni kiwekwe palipokuwa bustani ya maonyesho alimokuwa akipaa. Hester alimwomba jina la Lottie liandikwe pia. Waligombana jikoni kwa Hester.

“Unamfukua mzee wa watu umvue nguo hadharani,” Leonard alimwambia. “Baba aliuza makaa, mimi naunganisha mabomba. Huyu ndiye pekee tuliyenaye wa kujivunia!”

“Jivunie. Lakini binti yake alikuwa amelala mezani pale, Len, naye akasema hamjui.”

“Labda aliogopa kufungwa.”

“Basi angeogopa huku akilitaja jina lake.”

Leonard aliondoka bila kumaliza chai. Kibao kilizinduliwa Juni 2004, kikiwa na jina moja. Hester hakuhudhuria. Mwezi huo huo alisimamisha jiwe hapa Hallerby lililoandikwa Charlotte Orrell, jina kamili la Lottie. Wale ndugu wawili hawakusemezana kwa miaka kumi na mmoja. Leonard hakwenda hata kwenye ibada ya kumuaga Desmond mwaka 2011, na hilo nalo limeandikwa hapa kwa sababu ni kweli.

Macho ya Hester yalianza kufifia mwaka 2012. Kufikia 2015 alikuwa hawezi kusoma chochote. Rosalind alipiga simu kutoka Leeds: “Mjomba, mama anataka mtu wa kumsomea. Hajakutaja wewe. Mimi ndiye ninayekutaja.”

Leonard alianza kwenda kila Alhamisi. Walisoma habari za hali ya hewa, matangazo ya vifo, na barua za hospitali. Baada ya miezi minane hivi, Hester alimwambia afungue jalada la kijani. Humo mlikuwa na ile taarifa ya gazeti la 1891, ambayo Leonard hakuwahi kuisoma. Aliisoma kwa sauti hadi pale Kapteni anapoulizwa, kisha akaishusha karatasi.

“Endelea, Len.”

“Unajua kilichoandikwa.”

“Najua. Nataka nikisikie kwa sauti ya Orrell.”

Akasoma. Alipomaliza, alichoweza kusema ni kwamba chai imepoa, amtengenezee nyingine? Hester akasema amtengenezee.

Mapema Oktoba mwaka huu alipatwa na kiharusi. Alifariki hospitalini Nottingham Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2019, saa kumi alfajiri, kabla Rosalind hajafika. Anazikwa hapa Hallerby kwa matakwa yake mwenyewe, pamoja na majivu ya Desmond.

Leonard alikuwa na Alhamisi za miaka minne za kumwambia dada yake kwamba hakukosea, na zote zilipita. Anamwambia leo, mbele yenu, wakati hasikii: Hester, hukukosea.

Marehemu ameacha binti yake Rosalind na mkwewe Graham, wajukuu wawili, Imogen na Piers, na mdogo wake Leonard. Waliomtangulia ni wazazi wake, mumewe Desmond, mwanawe Philip, Babu Albert, na Charlotte Orrell, mtembea juu ya kamba na mrukaji, binti wa Ambrose, wa ukoo huu.

Amani iwe naye, na apumzike.