Poda Nyeupe kwa Mama Simone

Ndugu, majirani na marafiki, mnaoona poda nyeupe juu ya jeneza msidhani ni vumbi la barabara wala utundu wa watoto, familia ndiyo iliyoimwaga kwa mikono yake, na kabla hatujamaliza kusoma kila mmoja atajua sababu.

Mama Simone Losala alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, hapa Kisangani, kando ya maporomoko, mtoto wa pili wa Papa Zakaria Losala, mvuvi, na Mama Claire, akalelewa ndani ya mngurumo wa maji hata akawa anasema kwamba nyumba yenye kimya humnyima usingizi. Baba yake alisimika miti katikati ya mkondo ili kutundika mitego, naye binti, ameketi kando, alichora mchangani nyumba zisizo za mtu yeyote, zenye madirisha mengi, maji yakapanda yakazifuta, kesho yake akachora nyingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, akaacha sekondari mwaka wa 1987, baba yake alipoanguka kutoka kwenye miti hiyo na kuumia mgongo, akaenda kuwabebea waashi maji na mchanga, na taratibu, kwa kutazama tu, akajua kupanga matofali. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Papa Urbain, mfanyabiashara wa mto kutoka Yanonge, Mungu akawajalia Yannick mwaka wa 1993 na Orpha mwaka wa 1997.

Mwaka wa 2003 aliingia katika ofisi moja ya makazi, akapima vyumba na kukagua kuta, lakini kwa kuwa hakuwa na diploma, karatasi inayosema kwamba nyumba inafaa kulaliwa ilitiwa sahihi na wengine. Oktoba 2013 aliandika kwamba ukuta fulani umelegea, mkubwa mmoja akatia sahihi kwamba ni mzima, mvua ikauangusha, msichana mmoja akavunjika mguu. Mama Simone hakumlaumu mtu, alisema huenda yule naye alikuwa na haraka kama sisi sote, lakini tangu siku hiyo alitamani kitu kimoja, sahihi yake mwenyewe.

Akajiandikisha kama autodidacte, yaani mtahiniwa aliyejifundisha mwenyewe, akapita mtihani wa kuchuja mwaka wa 2015, na mwaka wa 2016 akakaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, fani ya ujenzi. Papa Urbain alimtania, "Mama Yannick, donc weye utakaa benchi moja na batoto?" naye akajibu, "Bon, nitakaa mbele, macho yangu inazeeka." Alipata asilimia hamsini na sita, na Mama Karima, jirani yetu, akammwagia kichwani kopo zima la poda, kama wanavyomwagiwa vijana wanaofaulu, akapiga kelele, "Leo uko mutoto!" Mama Simone hakujipangusa, alikwenda sokoni kununua pondu, majani ya muhogo, akiwa mweupe vile vile, anatembea polepole kama mtu aliye ndani ya ndoto na hataki kuamshwa.

Ofisi bado ilitaka diploma ya juu ndipo atie sahihi, basi mwaka wa 2022 aliingia taasisi ya ufundi kusomea majengo, na tarehe 23 Agosti 2025 alitetea kazi yake ya mwisho, juu ya nyumba za wavuvi wa maporomoko. Mwalimu mmoja alimwuliza msingi wa nyumba hubeba mizigo gani, akajibu, kuta, paa, upepo, na usingizi wa watu, wakacheka, kisha wakaliandika.

Mwezi wa Oktoba figo zilimlemea, akalazwa, na kila alipofumbua macho aliuliza, "Bametangaza matokeo?" kisha akamsimulia Orpha nyumba ya mchangani aliyoiota, jinsi maji yalivyopanda safari hii na kuizunguka bila kuifuta. Alituacha Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa tatu asubuhi.

Matokeo yalitangazwa jana, Ijumaa. Jina lake lilisomwa, amefaulu, Orpha akasimama mahali pake, na kopo la Mama Karima likakosa kichwa, likaja hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi matangani, na wenzake wa kazi, waliotuletea asubuhi hii karatasi moja ya ofisi, ile inayosema kwamba nyumba inafaa kulaliwa, isiyo na sahihi bado.

Nyumba unayoingia leo, Mama, Orpha ameipima mara mbili, kama ulivyomfundisha, na hatukumpa mtu mwingine atie sahihi, karatasi iko mkononi mwako, pamoja na kalamu. Pumzika kwa amani.