Mwalimu Eustadia na Televisheni ya Chogo Tuliyoichagua Bila Yeye

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika kituo chetu cha ufundi hapa Tabora, Mwalimu Eustadia Wenceslaus wa karakana ya redio na televisheni anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 26 Juni 2026. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Abdulatifu, msaidizi wake wa miaka kumi na tisa, heshima ya kuandika wasifu huu. Kamati hiyohiyo ilinipa pia kazi ya kuchagua zawadi iliyofunikwa kitambaa cheupe pale mbele, na tangu siku hiyo chakula hakinipandi.

Mwalimu alizaliwa Puge. Alipofika hapa mwaka 1990 aliajiriwa kutunza stoo. Siku moja Fundi Silasi, mkuu wa karakana wakati huo, alimwita amshikie tochi. Aliishika tochi ile miaka minne huku akiuliza maswali, mpaka Silasi akachoka kujibu akamkabidhi bisibisi. Mwaka 1996 alirudi kutoka masomoni na cheti chake, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika karakana yetu.

Wanafunzi wake wametapakaa kuanzia Isevya hadi Nzega, na hakuna hata mmoja aliyeusahau Mtihani wa Kanga. Ukishatengeneza televisheni ya chogo, ile nene ya zamani yenye mgongo, Mwalimu huchomeka gemu yake ya zamani ya kaseti na kukukabidhi bunduki ya plastiki. Ndege wanaruka kwenye kioo. Wenyewe ni bata, lakini kituo kizima kinawaita kanga. Wakianguka, umefaulu. Wasipoanguka, fungua mfuniko uanze upya. Mwalimu mwenyewe hakosi. Mkuu wa kituo alipojitia kushindana naye kwenye mahafali ya mwaka 2011, alifyatua mara kumi akaangusha kanga mmoja, na huyo mmoja tunaamini alijifia.

Televisheni ya nyumbani kwa Mwalimu ilikufa kioo mwezi Machi. Tulipomuuliza angependa nini, alisema anataka kitu kimoja tu: aendelee kupiga kanga huko Puge anakorudi, na dada yake Apolinaria, ambaye ameshindana naye kwa zaidi ya miaka ishirini. Katibu wa kamati, ndugu yetu Parvez, kwa moyo mweupe kabisa akaleta televisheni bapa, pana kama mlango. Alipoijaribu, hakuanguka kanga hata mmoja. Akadhani shabaha yake ndiyo mbovu, akafyatua mapumziko yote ya chai hadi kidole kikavimba. Ilibidi nimweleze kwamba bunduki ile huona mwanga wa kioo cha chogo tu, na mbele ya bapa ni kipofu.

Hapo ndipo kazi iliponiangukia. Hofu yangu ilikuwa kioo. Kingine chochote kitakachoharibika ndani ya chogo, Mwalimu atakitengeneza mwenyewe. Kioo kikishachoka, hakuna fundi. Nikimpa kilichochoka kitafifia kabla mvua hazijaanza, na kwa ninavyomjua hataniambia. Atasema kinaonyesha vizuri sana.

Kule Nzega niliona ya inchi ishirini na moja, picha inang'aa, na mwenye duka akaapa kwamba haijawahi kufunguliwa. Nikakumbuka nilivyofundishwa: zima, ngoja ipoe, washa huku unahesabu, maana kioo kilichochoka huchelewa kuonyesha picha. Nilifika hamsini kioo bado kina ukungu. Kumbe mtu alikwisha kuongeza mwanga kwa nyuma ili kuuficha uchovu. Nilirudi Tabora mikono mitupu, zikiwa zimebaki siku nne.

Ya pili niliipata Isevya, kwa Mama Agnetha. Ni ya inchi kumi na nne, na yeye huiwasha Krismasi na Pasaka tu. Ilipopoa nikaiwasha tena, na kabla sijafika kumi picha ikatokea. Mistari imenyooka, rangi hazijachafuka pembeni. Nikachomeka gemu niliyokwenda nayo, kanga wakaanguka. Ningeshukuru nikaondoka, lakini kilibaki kipimo cha mwisho, ambacho ni mluzi.

Chogo ikiwaka hupiga mluzi mwembamba sana. Mluzi ukitulia, chombo ni kizima. Ukiyumba, ugonjwa uko njiani. Kwa miaka yote Mwalimu alichagua kwa sikio. Miaka mitatu iliyopita akaanza kuwaita wanafunzi na kuwauliza, "Inapiga mluzi?" Tulidhani anawapima. Mwaka jana alinivuta stoo akaniambia, "Abdulatifu, mwenzako siusikii tena. Masikio yamezeeka. Bora nistaafu kabla sijamdanganya mtu." Siku ile niliumia kuliko nilivyoonyesha. Ameniruhusu kuliandika hili.

Basi pale sebuleni niliinama, nikabana pumzi, nikatega sikio. Sikusikia kitu. Nina miaka hamsini na mbili. Nikamuuliza Mama Agnetha kama yeye anasikia, akacheka mpaka akakaa chini, maana ananizidi miaka ishirini. Muda haukuwepo tena. Niliichukua hivyohivyo, nikaipakata njia nzima, na hadi naandika haya sijui nimechukua nini.

Muda mfupi ujao Mwalimu atakifunua kitambaa na kuiwasha. Wanafunzi wa mwaka huu, ninyi mliokaa nyuma, nawaomba sana: ikiwaka, nyamazeni kabisa. Anayesikia mluzi umetulia, anyooshe mkono juu.

Mwalimu Eustadia, asante kwa tochi, kwa bisibisi, na kwa kutufundisha kuiogopa kazi mbovu. Msalimie Dada Apolinaria, na usimwonee kwenye shabaha. Tunakutakia ustaafu wenye afya, amani na kanga wengi. Najua ukishaiwasha utanigeukia uniulize kama kawaida yako. Usinitazame mimi, Mwalimu. Tazama kule nyuma, kwa wanafunzi wako.