Matuta Yaliyoota Majani

Risala ya wakazi kwa mgeni rasmi, mhandisi mkuu wa mipango ya barabara, siku ya kutia sahihi mchoro wa barabara mpya

Mgeni rasmi, mheshimiwa mhandisi mkuu, mwenyekiti wetu, fundi saa, mwalimu mkuu, majirani wa upande huu, nanyi majirani wa upande ule mnaotusikiliza kwa kipaza sauti kwa sababu hamkuwahi kuvuka:

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha wazima. Neno hilo hatulisemi kwa mazoea. Hapa kwetu mtu akifika ng'ambo ya barabara hushukuru kwanza, ndipo husalimia.

KARIBU SANA

Mheshimiwa, karibu. Kwa umri wewe ni kama kifungua mimba wangu, lakini kwa cheo leo wewe ni baba yetu. Mzee muuza maji amekuamkia shikamoo, wakati yeye ndiye aliyepaswa kuitikia marahaba. Msamehe, aliona gari refu.

Tumefurahi zaidi kwa namna ulivyofika. Tangu saa moja asubuhi askari wa barabarani amesimama hapa kwa ajili yako, na malori yaliyozoea kupita mbio kama yamesahau jiko linawaka nyumbani, leo yamepita kwa adabu kama bwana harusi mbele ya wakwe. Muuza mkaa amevuka mara tatu, hana alichofuata, ameenda na kurudi tu kuonja utamu wake. Tungekuomba uje kila siku, ila tunajua una kazi nyingi. Ndiyo maana tumeandika risala hii, tupate kitu cha kukaa hapa badala yako.

TULIKOTOKA

Sisi ni mtaa mmoja uliokatwa na barabara. Nyumba nyingi na bomba la maji viko upande huu. Shule, zahanati na soko viko upande ule. Wakati wa vumbi, mama yeyote aliweza kusimama katikati ya barabara na ndoo kichwani akaongea na shoga yake mpaka shingo imchoke. Ikaja lami, tukashangilia. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele sauti ikakauka. Hatukujua kwamba lami haiji peke yake, inakuja na mwendo wake.

Mwaka wa pili wa lami, mume wangu, fundi viatu, alivuka kumpelekea mteja kiatu. Kiatu kilifika.

Wenzangu wa kamati waliniambia, "Mama, hapo usipasome, utamharibia mgeni siku yake." Nimepafupisha. Sikupafuta.

Tangu hapo, kila siku ya shule, asubuhi na mchana, nasimama mbele ya lango na kitambaa chekundu nilichokikata kwenye pazia la sebuleni kwangu. Nilianza kwa sababu nyumbani nilikuwa napakua sahani mbili kwa kusahau. Sasa watoto wananiita Bibi Simama, na madereva wananiita majina mengine ambayo hayafai kusomwa mbele ya mwalimu mkuu.

OMBI LETU LA KWANZA NA LILIKOFIKIA

Miaka mitatu iliyopita tuliandika barua ofisini kwenu. Niliiandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nimesoma shule ya msingi tu, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua ya kiofisi isiwe na maneno mengi. Basi nikaandika: "Tunaomba matuta matatu mbele ya lango la shule, tafadhali kabla ya mvua."

Mheshimiwa, hatuwezi kusema tulipuuzwa. Barua ilipigwa mhuri mzuri, nakala tunayo. Haikupita hata wiki sita, gari likasimama langoni, akashuka bwana shamba amevaa buti, nyuma yake mafungu ya vipando vya viazi vitamu.

"Hodi wenyeji! Matuta yenu yako wapi niyakague?"

Mpishi wa shule akamjibu, "Baba, hayo ndiyo tunayokungojea wewe."

"Mimi naleta mbegu, mama. Matuta mnalima wenyewe."

"Tulime kwenye lami?"

Bwana shamba akaitazama lami, akatutazama sisi, akaona ametumwa kwa watu wenye shida kubwa kuliko alivyoambiwa. "Kwenye lami ya nini, mama yangu," akasema kwa upole, "na udongo mzuri wote huu kando ya uzio?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Kosa ni langu, sikusema matuta ya nini, tena na mvua nikaitaja, ofisi ikaipeleka barua kwa watu wa kilimo. Lakini kijana alikuwa ametoka mbali, na ana moyo. Alikwisha kuvua koti, ameshika jembe, anatuonyesha upana wa tuta na nafasi ya kipando na kipando. Nani angemwambia arudi? Tukalima matuta matatu kamili, kama barua ilivyosema. Mwezi haujaisha yakaota majani. Gari halikupunguza mwendo hata moja, ila mbuzi wa fundi saa aliyekuwa akipita hapo kila siku, sasa anasimama bila kuambiwa.

Tukaandika barua ya pili, ndefu, tukaeleza: matuta ya kupunguza mwendo wa magari, siyo ya viazi. Jibu lilikuja mstari mmoja: "Ombi lenu la matuta matatu lilikwisha kutekelezwa na jalada limefungwa."

TULIYOJIFANYIA WENYEWE

Hatukukaa kitako. Fundi rangi alituchorea alama za pundamilia kwa chokaa. Alichora Jumatatu, mvua ikazifuta Alhamisi. Anachora tena kila mawingu yakitawanyika, na tumemzoea hapo barabarani, ameinama na ndoo yake, mkewe amesimama pembeni akimpigia kelele, "Baba nanihii, lori!"

Mwalimu mkuu naye aligeuza barabara kuwa somo la hesabu. Watoto walikaa nyuma ya uzio siku tano, wakahesabu vyombo vyote vinavyopita kati ya kengele ya kwanza na ya pili. Wakapata elfu moja na sitini. Vilivyopunguza mwendo mbele ya lango ni kumi na moja, na kati ya hivyo vinne vilikuwa na pancha. Binti mmoja wa darasa la nne ameniomba nikuulize kama pancha zinaweza kuombwa serikalini.

LINALOTUSUMBUA LEO

Juzi mchoro wa barabara mpya ulibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, tukaenda kujitafuta. Tumeona barabara itakuwa ya njia nne. Hongereni, inapendeza, mistari imenyooka. Tumeona pia daraja la juu la waenda kwa miguu, liko pale kituo cha mafuta, mwendo wa dakika ishirini kutoka lango la shule. Fundi cherehani wetu, anayetembea kwa magongo mawili, alizihesabu ngazi zake kwa ncha ya kidole: sitini na nne kupanda, na za kushuka zipo.

"Mimi na magongo yangu," akasema, "tukianza kupanda Jumatatu, Jumatano mtuangalie juu, tutawapungia mkono."

Mwenyekiti akamwambia, "Wewe nenda tu, nguo zangu ziache chini."

Tulicheka. Kisha tukatafuta mbele ya shule, tukaona pana maandishi madogo kama mchwa. Nikavaa miwani nikayasoma kwa sauti: "Matuta matatu: yapo."

Yapo, mheshimiwa. Hatuwezi kusema hayapo, tutakuwa tumesema uongo, na mimi kwa umri huu naogopa uongo kuliko malori. Yapo, yana afya, jana jioni nimeyapalilia. Lakini ukitia sahihi leo juu ya neno hilo, magari yatapita kwa njia nne mbele ya watoto mia tano, na matuta yetu yatakuwa kando ya uzio yakiyatazama. Mimi nitaongeza kitambaa, hilo naliahidi. Ila mkono wangu ni mmoja, na pazia limebaki kipande kidogo.

TUNALOOMBA

Wenzangu walikuwa na maombi kumi na saba, kuanzia njia ya kutembelea kando ya barabara na benchi la kungojea basi, mpaka mmoja aliyeomba uwanja wa mpira wenye majani. Yote nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, utapewa ukitulia. Hapa tunaomba moja.

Kabla ya sahihi yako, likate neno "yapo" uandike "yajengwe". Ya lami, mbele ya lango, pamoja na alama za pundamilia za rangi isiyoogopa mvua. Neno moja tu. Kalamu ninayo, kama yako imebaki garini. Na safari hii nimetaja ni matuta ya nini, ili bwana shamba asije akasumbuliwa tena bure.

CHAI

Mgeni rasmi, tumekuandalia chai na viazi. Ni viazi vya matuta yaleyale, tumevichemsha leo asubuhi, ukivionja utakubali kuwa kazi ya serikali haikupotea. Chai iko upande ule, uwanjani mwa shule.

Askari wa barabarani tumemwomba atangulie kunywa. Amesimama tangu saa moja, naye ni mtoto wa mtu. Dereva wako amepewa kiti hapa kivulini, gari lipumzike. Barabara imefunguliwa, na hayo unayoyasikia ndiyo malori yetu ya kila siku, yamerudi kwenye tabia zao.

Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nitatangulia mimi na kitambaa changu. Funga vizuri kamba za viatu. Nikisema "bado", ni bado, hata ukiona peupe. Nikisema "sasa", twende, usigeuke nyuma, na simu ikiita mwache aliyepiga angoje. Mchoro uchukue mkononi. Utautia sahihi ukifika.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama, aibariki kalamu yako, na jioni ya leo akufikishe mlangoni kwako, wanaokungoja wakuone ukiingia kwa miguu yako mwenyewe.

Ni sisi,
Wakazi wa Pande Mbili za Barabara

Imeandikwa na kusomwa kwa niaba yao na mjane wa fundi viatu, Bibi Simama